Kufundisha Kiingereza Ugenini: Kutoka Sirari hata Bunda

Msomaji mpenzi, labda unaye kijana nyumbani aliyemaliza chuo cha ualimu, naye hana kazi. Au labda kijana huyo ni wewe. Umesikia ya kuwa ng'ambo ya mpaka wanatafutwa walimu wa Kiingereza, nawe wajiuliza: "Nani atanipokea mimi, ambaye Kiingereza nilikikuta shuleni?" Basi njoo tusafiri pamoja katika mkoa wa Mara. Njia hii niliipita nilipokwenda kutafuta kazi yangu ya kwanza, nami nina jambo la kukutia moyo, na jambo la kukuonya.

Tuanze mpakani. Upande wa Kenya mji waitwa Isebania, upande wa Tanzania waitwa Sirari, na pande zote mbili wenyeji wengi ni Wakurya. Mimi nilizaliwa upande wa Kenya, na lugha ya mama yangu ni Kikurya. Wajomba zangu wako Tarime. Kwa hiyo siku ile nilipovuka na sanduku langu sikujiona kabisa kuwa naenda ugenini. Kosa langu lilianzia hapo, kama utakavyoona.

Kwanza ujue kwa nini walimu wa Kenya na Uganda walitafutwa huku. Baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule za msingi za serikali ya Tanzania zilifundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Kisha, tangu miaka ya 1990, watu binafsi na madhehebu ya dini walifungua shule nyingi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. Shule hizo zilihitaji walimu waliozoea kufundisha hesabu, sayansi na mengineyo kwa lugha hiyo, na wengi wao walitoka kwa jirani.

Kutoka Sirari barabara yapita Tarime, yavuka mto Mara kwenye daraja la Kirumi, hata kufika Makutano. Hapo njia moja yakwenda Musoma, nyingine Butiama, na barabara kuu yaendelea Bunda hata Mwanza. Mimi nilishika ya Musoma.

Musoma ni mji wa ziwani. Uendako waona maji ya Ziwa Victoria, na mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa na watu. Asubuhi nenda penye samaki, utawaona akina mama wakipimiana dagaa kwa makopo. Nilikula ugali kwa sato, nikapiga pasi shati langu, nikaenda kwenye shule moja na barua yangu mkononi. Mwenye shule aliisoma, akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia. Akanirudishia barua akasema kwa upole, "Mwalimu, wazazi wanataka mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa."

Nilitoka nimeinama. Usiku ule nilikuwa tayari kurudi nyumbani, lakini mzee aliyenipa malazi alinishauri, "Mwanangu, kabla hujarudi, fika Butiama."

Nikaenda. Butiama ni mahali pa vilima na mashamba, katika nchi ya Wazanaki. Hapo alizaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922, na hapo ndipo alipozikwa baada ya kufariki tarehe 14 Oktoba 1999. Liko kaburi lake, na iko nyumba ya makumbusho. Mambo yake unayajua, ewe msomaji, lakini yafikiri tena kama kijana anayetafuta kazi. Mtoto huyu alikwenda shule ya Mwisenge, pale Musoma nilipotoka mimi, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Lugha aliyokwenda nayo ni Kizanaki. Kiswahili na Kiingereza alivipata shuleni. Ualimu aliusomea ng'ambo ya mpaka, Makerere katika Uganda, na kazi yake ya kwanza ya kufundisha aliianza Tabora mwaka 1946, katika shule ya misheni ya St. Mary's. Baadaye akaitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, nayo ikapigwa chapa mwaka 1963. Watu hawakumwuliza kama Kiingereza alizaliwa nacho. Jina alilobaki nalo mpaka leo ni Mwalimu.

Siku ya pili yake nikafika Bunda. Mji huu uko juu ya barabara kuu, mabasi hayakomi, na watu wa pamba, wa ng'ombe na wa samaki hukutana hapo. Shule niliyoiendea haikuniuliza maneno mengi. Ilinipa chaki na kuniambia nifundishe. Mtoto mmoja akasimama kueleza habari za mama yake, akamtaja kwa neno la Kiingereza la mwanamume. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana kosa hilo nililifanya mwenyewe miaka mingi. Kiswahili kina "yeye" tu, awe baba awe mama, na Kikurya ni vivyo hivyo, Kiingereza hutenga. Nikawaeleza, nikawachorea ubaoni baba na mama, tukarudia mpaka wakazoea. Mzee mmoja wa halmashauri ya shule, aliyekaa nyuma, akasema, "Huyu ajua ulimi unapokwama." Nikapewa kazi.

Na hapa ndipo penye onyo. Niliambiwa, "Anza tu, vibali vitakuja baadaye." Nami nikajisemea, vibali vya nini, kwa wajomba zangu? Muhula haujaisha, maofisa walipita kukagua karatasi za walimu wageni. Yangu haikuwapo. Nikarudi Sirari na sanduku lile lile, na mshahara wa mwezi mmoja sikuuona. Nilimkuta mama akinitazamia, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi ada ya mdogo wangu. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima. Undugu wa mpakani ni wa kweli, lakini si kibali.

Basi shika haya. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010, na wengi hudhani kuwa vibali vimefutwa. Sivyo. Mgeni anayeajiriwa Tanzania ahitaji kibali cha kazi, kwa sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Mwajiri ndiye anayekuombea cha kazi. Asiyetaka kukuombea, mwache. Tena sheria haimruhusu mtu kufundisha bila kuandikishwa au kupewa leseni. Chukua vyeti vyako halisi pamoja na nakala zake. Mkataba uwe wa maandishi, nao utaje mshahara ni shilingi za nchi gani, maana ya Kenya na ya Tanzania hazilingani hata kidogo.

Mwaka uliofuata nilivuka tena Sirari, safari hii na karatasi zote mfukoni, nikafundisha shule nyingine katika mkoa ule ule. Siku ya kwanza watoto walisimama wote pamoja: "Shikamoo, mwalimu!" Nikaitikia marahaba, nikaandika tarehe ubaoni, tukaanza. Jioni yake nikamwandikia mama kwamba mdogo wangu arudi shuleni.