Gurudumu Lenye Kukamata



Kila mwaka, tukifika kwenye somo la Pascal, mwanafunzi mmoja huinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, hii sheria itatusaidia nini huku kwetu?" Mimi hucheka kidogo, kisha napita. Leo nataka kujibu vizuri, hata kama jibu lenyewe linanipa haya.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1987, mjini Bukavu. Nchi yetu iliitwa bado Zaire. Nilikuwa darasa la tano, sehemu ya sayansi, nikikaa kwa mjomba. Mjomba alikuwa na motokari ya zamani, Mercedes 240 D, aliyoifanyisha kazi ya teksi. Ile motokari ndiyo iliyolipa chakula, nyumba, na minervali yetu sisi wote: yangu, ya watoto wake, na ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa darasa la sita la primeri.

Kazi ya yule mtoto ilikuwa kuamka mbele ya watu wote, kupasha moto mashini, kuosha motokari na kufungua freni ya mkono. Nasema freni ya mkono, lakini kwa ile motokari unaikanyaga kwa mguu, na kuifungua unavuta kishikio kidogo chini ya dashibodi.

Basi, siku moja mjomba akarudi saa sita na hasira. Motokari ilikuwa nzito. Kwenye mteremko mdogo, pale inapotembeaga yenyewe, ilikataa kutembea. Mafuta yaliisha upesi, na abiria walilalamika juu ya harufu ya kuungua. Nikasogeza mkono karibu na janti ya nyuma ya kushoto: moto kama jiko! Mjomba akataka kumwaga maji juu yake, mama mkubwa akamzuia. Alifanya vizuri, kwa maana diski yenye moto ikipata maji baridi inaweza kupinda ao kupasuka.

Jioni ilipopoa, gurudumu likawa huru. Kesho asubuhi motokari ikatoka vizuri, saa sita ikakamata tena. Ilikuwa hivyo siku tatu.

Mjomba akaniuliza, "Wewe unayesoma sayansi, unaona namna gani?" Wanafunzi, hapa ndipo niliposimama kama profesa. Nikasema: "Joto linatoka kwa msuguano. Msuguano unatoka kwa freni. Na freni imebaki imekamata kwa sababu kuna mtu haifungui mpaka mwisho." Sikutaja jina. Haikuwa lazima.

Mtoto akalia: "Muyomba, siyo mimi. Ile kishikio navutaka mpaka mwisho." Hakuna aliyemsikia. Mjomba akamfungia nguo zake na kumrudisha kwa mama yake, Walungu, na akasema minervali yake imekwisha. Mimi nilikaa kimya. Maneno yangu yalikuwa ya akili, nilifikiri.

Mtoto akaenda, freni ikabaki. Kesho yake saa sita, gurudumu likakamata tena! Na asubuhi ile, mwenye kufungua freni nilikuwa mimi mwenyewe.

Mjomba akaipeleka kwa fundi mmoja mzee, aliyefanya kazi chini ya mwembe. Mjomba akaanza kueleza: "Mzee, ni freni ya mkono..." Yule mzee akamkata: "Ungoje, baba. Ugonjwa unapimwa wakati upo. Kwanza nenda utembee nayo mpaka ikamate, ndiyo urudi." Tukapanda na kushuka vilima nusu saa, tukarudi na harufu yetu.

Akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa kriki, kisha akatia magogo chini, kwa maana hakuna mtu mwenye akili anayeamini kriki peke yake. Akazungusha gurudumu la kuume: likazunguka. La kushoto: gumu kabisa.

Akasema, "Sasa tupime freni ya mkono, kwa sababu ndiyo mnaishitaki." Akafungua kishikio, akalegeza kamba yake chini mpaka ikaning'inia. Gurudumu likabaki gumu. Akatueleza kwamba kwa ile motokari freni ya mkono ina viatu vyake ndani ya tumbo la diski, mbali na plaketi ambazo mguu unazikaza. "Kamba imelegea, na gurudumu limebaki gumu," akasema. "Hii freni haina kosa."

Nikasikia tumbo linauma.

Akachukua ufunguo, akafungua kidogo ile skurubu ya kutoshea hewa, juu ya etrie, yaani koleo la chuma linalokumbatia diski. Mafuta ya freni yakaruka kwa nguvu, na papo hapo gurudumu likawa huru! Akaniuliza, "Kijana wa masomo, umeona nini?" Nikasema, "Mguu hauko juu ya pedali, lakini nguvu ilikuwa ingali ndani." "Vizuri. Kama ingekuwa pistoni imeshikwa na kutu, kufungua hii skurubu kusingesaidia kitu. Sasa tutafute nani anaifunga nguvu njiani."

Akafunga skurubu, akamwambia mjomba akanyage pedali na kuachilia. Kushoto likakamata, kuume likazunguka. "Kama kosa lingekuwa kwa pompi kubwa ya freni, yangekamata yote mawili," akasema. Akalegeza kiungo cha juu cha fleksibili, pale bomba la chuma linapokutana na mpira. Gurudumu likabaki gumu. Akafungua tena skurubu ya chini: huru. Nguvu ilikuwa imefungwa kati ya hizo fasi mbili, na katikati hapakuwa na kitu isipokuwa ule mpira.

Akautosha na kuupasua kwa kisu. Nje ulikuwa mzima, hata mimi ningeuacha. Ndani ulikuwa umevimba kwa uzee, tundu limebaki dogo kama la sindano. Mguu ukikanyaga, nguvu kubwa inapenya. Mguu ukitoka, mafuta hayapati njia ya kurudi upesi. Plaketi zinasugua, joto linapanda, mafuta yaliyofungwa yanapanuka na kukaza zaidi. Usiku yanarudi pole pole, na asubuhi motokari ni nzima. Pascal alikuwa na haki: nguvu ndani ya mafuta inasukuma pande zote, na inabaki pale ilipofungiwa. Mimi nilijua hiyo sheria kwa kichwa, lakini sikufikiri kuitafuta ndani ya mpira.

Mzee akabadilisha fleksibili mbili za nyuma, kwa kuwa umri wao ni mmoja, akatia mafuta mapya na kutosha hewa. Akatuonya pia: "Mngeendelea hivi, mafuta yangechemka ndani ya etrie. Mvuke unafinyika, mafuta hayafinyiki. Pedali ingezama mpaka chini, na huku kwetu Bukavu kuna miteremko."

Mjomba hakusema kitu njiani. Kesho akanipa nauli, akasema, "Wewe ndiwe uliyesema. Wewe ndiwe utakayeenda kumleta."

Nilimkuta mdogo wangu akichota maji. Nikamweleza yote, mpaka fleksibili. Alisikiliza, kisha akasema: "Yaya, juu ya nini hamukuniuliza? Kila asubuhi nilikuwa naosha vumbi nyeusi kwa janti ya kushoto. Ya kuume ilikuwa safi." Kumbe alikuwa na habari ambayo ingetuonyesha fasi ya kutafuta: vumbi la plaketi, upande mmoja tu. Aliyeshika kitambaa alikuwa ameona, mwenye vitabu hakuona.

Alirudi, akamaliza masomo yake. Lakini ile motokari hakuigusa tena, na mjomba hakumlazimisha.

Basi, wewe uliyeuliza Pascal anasaidia nini, jibu ni hili. Sheria haikusaidii kitu ukiitumia kuhukumu mbele ya kupima. Yule mzee hakuanza kwa kutafuta mwenye kosa. Alianza kwa kipimo kimoja ambacho kingeweza kumtosha mtu kosani, kisha kingine, mpaka kikabaki kitu kimoja. Na ninyi, siku kalamu ikipotea darasani, muanze hivyo. Na mumuulize kwanza yule mwenye kufagia.

Mwalimu wenu wa fizika