Nyoka Aliyenyamazisha Msitu wa Guam

Leo twende pamoja, kwa fikira tu maana nauli ya huko hatuna, mpaka kisiwa cha Guam katika bahari kubwa ya Pasifiki. Ni kisiwa kidogo cha kilomita za mraba kama 540, nacho ki chini ya Marekani tangu mwaka 1898. Wenyeji wake, Wachamorro, wengi ni ndugu zetu katika dini. Injili waliletewa mwaka 1668 na Padre Diego Luis de San Vitores, Mjesuiti, aliyeuawa huko mwaka 1672. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1985.

Ukiingia msituni Guam alfajiri, simama usikilize. Kwetu kengele ya Misa haijapigwa bado, nao ndege wamekwisha kuamsha kijiji kizima. Kule utasikia upepo na wadudu, basi. Utando wa buibui umetanda kutoka mti hata mti, kwa kuwa ndege waliokuwa wakiwala hawapo. Mbegu nazo hazina wa kuzichukua. Huanguka chini ya mti wao na kubaki palepale.

Aliyefanya hayo ni nyoka mmoja wa mitini, wa rangi ya kahawia. Mwili wake ni mwembamba, urefu mita moja hata mbili, na wachache hufika karibu mita tatu. Kichwa ni kipana kuliko shingo, na macho ni makubwa, yenye mboni iliyosimama wima kama ya paka, maana yeye hutembea usiku. Meno ya sumu yako nyuma ya taya la juu, hivyo humbidi kutafuna ili sumu iingie. Mtu mzima hadhuriki sana, lakini watoto wachanga wameumwa wakiwa usingizini wakakimbizwa hospitali. Mwaka 2021 wataalamu walieleza namna apandavyo nguzo laini: huizungushia mwili wake kama kitanzi, hujikaza, akapanda polepole. Mkwezi wetu wa minazi angemwelewa upesi! Tena akifika kwenye nyaya za umeme, mara nyingi mji hubaki gizani.

Kwao hasa ni Sulawesi katika Indonesia, New Guinea, visiwa vya Solomon, na pande za kaskazini na mashariki za Australia. Kaskazini-magharibi mwa Australia wako wenye pete nyekundu, hata usingedhani ni jamii moja na yule wa kahawia. Huko kwao si balaa. Ndege wamekaa naye tangu zamani, wanamjua. Wewe mwenyewe umeona jinsi ndege wadogo wanavyopiga kelele wakigundua nyoka juu ya mwembe, hata kuku uani wakanyosha shingo. Ndege wa Guam hawakuwa na kelele hiyo. Nyoka waliyekuwa naye ni yule mdogo kipofu, mfano wa mnyoo, akaaye udongoni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vyombo vya jeshi la Marekani vililetwa Guam kutoka kisiwa cha Manus, karibu na New Guinea, na nyoka akaja amejificha humo. Miaka ya 1950 alianza kuonekana. Ndege wakatoweka kwanza kusini, kisha ukimya ukapanda mwaka hata mwaka, na wa kaskazini walidumu mpaka miaka ya 1980. Watu walidhani ni ugonjwa, au dawa ya kuulia wadudu. Ndipo mtaalamu mmoja, Julie Savidge, alipoonyesha mwaka 1987 kuwa mwivi ni nyoka. Katika aina 12 za ndege wa msituni, 10 zilipotea Guam. Pengine utauliza: ndege walipopungua, mbona nyoka hakufa njaa? Mijusi ilikuwa tele. Alishiba mijusi huku akiwamaliza ndege mmoja mmoja.

Koko, ndege asiyeruka, aliokolewa kwa kufugwa. Baadaye aliachiliwa Rota, kisiwa jirani kisicho na nyoka huyo, na Cocos, kisiwa kidogo sana kusini mwa Guam. Mwaka 2019 aliondolewa katika orodha ya viumbe waliokwisha porini. Mwaka uliofuata, nyoka akaonekana Cocos.

Watu hawakukaa kimya. Panya waliokufa hutiwa miligramu 80 za dawa ileile ya Panadol tunayomeza tukiumwa kichwa, wakadondoshwa msituni kwa helikopta. Nyoka akila hufa. Bandarini na kwenye kiwanja cha ndege, mbwa wadogo hunusa mizigo kabla haijapakiwa, maana Hawaii, kilomita kama 6,000 kutoka hapo, nyoka huyo hajapata makao, na ndege wa huko nao hawamjui.