Meza ya Uandikishaji: Mtoto Mdogo na Shule ya Umma Tanzania Bara

Uandikishaji wa mtoto katika darasa la awali, yaani darasa linalotangulia darasa la kwanza na ambalo kwa kawaida huwa ndani ya shule ya msingi ya serikali, ni jambo ambalo katika Tanzania Bara limebadilika sana katika muda wa vizazi vitatu. Kwanza halikuwapo kabisa kwa walio wengi, kisha likawa huduma ya wenye uwezo wa kuchangia, na leo ni wajibu ambao mzazi anayeuchelewesha huulizwa na mtendaji wa kijiji. Mabadiliko hayo yamesimuliwa mara nyingi kwa lugha ya sera na bajeti. Kumbukumbu hii inayafuata kutoka upande wa meza ya uandikishaji, kwa kuangalia mzazi aliulizwa nini na mtoto alitakiwa aoneshe nini, kama mwandishi wake alivyoyashuhudia wilayani Muheza, mkoani Tanga, alipokuwa mtoto, alipokuwa mzazi, na alipokuwa mlezi wa wajukuu.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo mwaka 1977, na mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, uliojulikana zaidi kwa kifupi cha UPE, uliwaleta shuleni watoto ambao wengi wao hawakuwa na karatasi yoyote inayotaja tarehe ya kuzaliwa. Umri wa kuanza darasa la kwanza ulikuwa miaka saba, na mwalimu aliupima kwa mwili. Mtoto alisimamishwa wima mbele ya meza, akaambiwa asiinamishe kichwa, kisha apitishe mkono wa kulia juu ya utosi na kujaribu kulishika sikio la kushoto. Vidole vilipolifikia aliandikwa, na vilipoishia juu ya sikio alirudishwa nyumbani hadi mwaka unaofuata. Kipimo hicho hakikuwa cha kubahatisha tu, kwa kuwa kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kikilinganishwa na mikono yake na uwiano huo hubadilika kadiri anavyokua; hata hivyo kiliwaonea watoto waliodumaa kwa lishe duni, ambao umri ulikuwa umetimia lakini mkono haukuwa umerefuka, na mama aliyeapa kwamba mwanawe alizaliwa mwaka wa Azimio la Arusha hakuwa na ushahidi wa kushindana na sikio. Mwandishi wa kumbukumbu hii alikuwa mmoja wa walioandikwa kwa namna hiyo, na anakumbuka jinsi watoto walivyokuwa wakijizoeza nyuma ya nyumba, wakivutana mikono, majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Si kweli, hata hivyo, kwamba mtoto wa wakati huo alifika darasa la kwanza bila kuwahi kufundishwa. Katika vijiji vya pwani na vya nyuma yake mtoto wa miaka minne au mitano alipelekwa chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani, ambako alijifunza kukaa kwa utulivu, kusikiliza, kukariri kwa sauti na wenzake, na kutambua kwamba alama iliyochorwa ubaoni inasimama badala ya sauti. Ujuzi huo wa mwisho ndio msingi wa kusoma kwa hati yoyote. Misheni nazo zilikuwa na madarasa ya vidudu, kama yalivyoitwa madarasa ya watoto wadogo. Vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo mwaka 1981 vilitungiwa sheria yake, vilihesabiwa kuwa shughuli ya ustawi wa jamii na havikuwa chini ya elimu, kwa kuwa lengo lililotajwa kwanza lilikuwa kumpa mama nafasi ya kufanya kazi. Dola ilimtambua mtoto wa miaka mitano kama mtu wa kulindwa, lakini haikumtambua bado kama mwanafunzi, na hapo ndipo penye kiini cha mambo yote yaliyofuata.

Utambuzi huo ulikuja na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, ambayo iliiweka elimu ya awali katika mfumo rasmi kwa watoto wa miaka mitano na sita, bila kuifanya iwe ya lazima na bila kuitengea walimu wa kutosha. Matokeo yake vijijini yalikuwa darasa lililoendeshwa kwa michango. Kamati ya shule ilimtafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne, wazazi wakakubaliana kiasi cha kumlipa kila mwezi, na mtoto ambaye mchango wake haujafika alirudishwa nyumbani, wakati mwingine akiwa hata hajajua kwa nini anarudishwa. Ada ya shule ya msingi, iliyorejeshwa katika miaka ya 1980, ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM, ukajaza madarasa ya kwanza; lakini darasa la awali katika shule nyingi lilibaki na mchango wake, hivi kwamba kaya moja iliweza kumsomesha bure mtoto wa miaka minane na kushindwa kumlipia mdogo wake wa miaka mitano. Mwandishi aliwalea watoto wake katika kipindi hicho, na mmoja wao hakuwahi kusoma awali kwa sababu hiyo hasa. Aliingia darasa la kwanza pamoja na wenzake waliokwisha kujua kushika penseli, na pengo lile lilichukua miaka mingi kuzibika.

Sera mpya ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kwa watoto wa kati ya miaka mitatu na mitano, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima kuanzia awali hadi kidato cha nne. Januari 2016 wazazi walijitokeza kwa wingi ambao shule hazikuwa zimejiandaa kuupokea: idadi ya watoto wa awali nchini ilipanda kutoka milioni moja na ushee hadi zaidi ya milioni moja na nusu katika mwaka mmoja. Mezani, mkono juu ya kichwa ulikuwa umekwisha kusahaulika. Mwalimu aliomba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, yaani kadi ambayo uzito na chanjo za mtoto huandikwa tangu azaliwe, akanakili tarehe katika daftari la uandikishaji, akaandika namba ya simu ya mzazi, kisha akamgeukia mtoto na kumwuliza jina lake na jina la anayeishi naye. Kwa waliokuwa wamezoea kuona mtoto akipimwa, tofauti hiyo haikuwa ndogo, kwa sababu safari hii hakuna aliyekuwa akitafuta sababu ya kumrudisha.

Neno bure, hata hivyo, halikufuta gharama zote, na inafaa lisemwe waziwazi kwa heshima ya wazazi wanaolaumiwa kwa uzembe. Sare, viatu, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi, na mtoto wa miaka mitano asiyepata uji saa nne hawezi kufuatilia somo. Umbali nao ni gharama, kwa kuwa mwendo ambao kijana wa darasa la sita huumudu haumfai mtoto mdogo anayevuka mto. Ndiyo maana wananchi wa maeneo mengi wamejenga vituo shikizi, yaani vyumba vichache vilivyo karibu na makazi na vinavyosimamiwa na shule mama, na serikali ikaongeza madarasa 3,000 katika vituo hivyo kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19.

Lililo gumu zaidi ni mwalimu. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, ilhali baada ya mwaka 2016 wastani wa nchi katika shule za serikali ulizidi watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Katika darasa ambalo mwandishi aliruhusiwa kuketi nyuma asubuhi moja, kona ya kuhesabu ilikuwa na vizibo vya soda, mbegu na vijiti vilivyofungwa kumikumi, vyote vikiwa vimekusanywa na mwalimu mwenyewe. Watoto walikuwa wengi kiasi kwamba waliofikiwa na vizibo ni walioketi mkeka wa mbele, na wa nyuma waliimba namba bila kushika kitu. Mwalimu yule alijua mbinu zote, na akazitumia kwa wale aliowafikia.

Uzito wa jambo hili umeongezeka sasa. Kwa mujibu wa Toleo la 2023 la sera ile ya mwaka 2014, elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita, na mtoto ataingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita baada ya mwaka mmoja wa awali. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 katika awali, darasa la kwanza na la tatu, na mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa la saba watamaliza pamoja. Mwaka unaoondolewa juu unadai ufidiwe chini. Mtoto anayeandikishwa leo Muheza ana haki ambayo bibi yake hakuwa nayo, na haki hiyo itatimia kwa kiasi ambacho ajira za walimu wa awali, kila mwaka wa fedha, zitaufuata uandikishaji badala ya kuachwa nyuma yake.