Mtoto na Mche Wake: Kujifunza Mimea kwa Vitendo Mkoani Singida

Bustani ya mimea ya Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Humo mna miti iliyoletwa kutoka nchi nyingi za mbali, na mtoto aingiaye humo aweza kujifunza mengi kwa siku moja. Lakini mwalimu wa Iramba, Ikungi au Manyoni hana njia ya kuwafikisha wanafunzi wake huko. Yampasa basi aigeuze ardhi iliyo mbele ya darasa lake iwe bustani ya kujifunzia.

Ardhi tunayo, na majembe tunayo. Tangu kutolewa kwa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule nyingi zimekuwa na shamba. Hata hivyo, mara nyingi nimeona shamba hilo likifanywa mahali pa adhabu: aliyechelewa huamriwa kumwagilia, aliyepiga kelele huamriwa kung'oa magugu. Mtoto huyo hulima mwaka hata mwaka bila kuulizwa ni kwa nini mbegu huota. Mwishowe huichukia kazi inayowalisha wazazi wake, na maarifa ya mimea huyadhania kuwa ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Katika darasa la tatu nililolifundisha, nilianza na makopo matupu. Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimeshika, kila mtoto alileta kopo lake, akalitoboa chini, akalijaza udongo, kisha akapanda mbegu nne: mbili za mtama na mbili za kunde. Nusu ya makopo tuliyaweka juani, na nusu tukayafunika kwa sanduku; yote tukayatilia maji sawasawa. Sikuwaambia litakalotokea. Baada ya siku chache waliona wenyewe kwamba kunde hutoka ardhini pamoja na vipande viwili vya mbegu yake, na mtama hutanguliza jani moja jembamba. Miche ya gizani ilirefuka kuliko ile ya juani, lakini ilikuwa dhaifu na ya manjano. Wengine walishikilia kwamba iliyorefuka ndiyo yenye afya. Niliwaacha wabishane mpaka miche ile ilipoanza kulala. Tangu siku hiyo sikuhitaji kuwaeleza tena kazi ya mwanga.

Alizeti, zao linaloujulisha mkoa wetu, lina somo jingine. Mche mchanga huelekea mashariki asubuhi na kulifuata jua hadi magharibi. Ua likikomaa hutulia likitazama mashariki. Mtoto akiuchora mche wake asubuhi, adhuhuri na jioni, amekwisha kuanza utafiti. Ama kuhusu mlenda wa porini, wanafunzi wanaofuatana na bibi zao kuuchuma ndio walionifundisha mimi. Mwalimu asione haya kuuliza.

Ninyi wanachuo mtakaokwenda mazoezi ya kufundisha, zingatieni mambo manne. Kwanza, kila mtoto awe na mche wake, na daftari la kuandika na kuchora anachokiona. Pili, kazi ifuate mvua. Wakati wa kiangazi maji ni ya shida, na si haki kumtwika mtoto ndoo kwa ajili ya maua ya kupamba njia. Majira hayo chunguzeni mbegu, magome, na mbuyu unavyopukutisha majani ili kuhifadhi maji. Tatu, likizo ya Desemba isipite bure, kwani ndipo mvua zinapoanza: kila mtoto achague mmea mmoja karibu na nyumbani, aufuatilie, na aje kuwaeleza wenzake shule ifunguliwapo. Nne, adhabu msiipeleke shambani kamwe. Mtoto aliyeutunza mche wake kwa hiari hatasubiri kengele ili aende kuutazama.