Prosesa na Kumbukumbu

Mjukuu wangu alitaka tuunganishe kompyuta nyumbani, na tayari alikwisha kuchagua prosesa ya bei kubwa. Pensheni ya ualimu haifiki huko. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu sikuidhinisha kifaa ambacho mwombaji hakuweza kukieleza, nikamwambia, “Haya, nifundishe.”

Prosesa, akasema, ndiyo inayofanya hesabu. Kumbukumbu, yaani RAM, ni meza ambapo kazi iliyo mkononi hutandazwa. Umeme ukikatika, meza yote hufagiliwa. Basi meza ikiwa finyu, karani hodari atashinda akipanga na kupangua makaratasi! Hapo tukashuka hadi Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, yenye viini 6, ambayo huonyesha picha bila kadi ya pembeni. Lakini picha hizo huazima nafasi katika kumbukumbu ileile, ndiyo maana tulinunua vijiti viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, ili data ipite njia mbili kwa pamoja. Vyote DDR4; DDR5 haiingii katika ubao ule hata ukiisukuma.

Kijana alinuna siku mbili. Fedha iliyosalia ilimlipia dada yake ada ya muhula.