Shaka Mizanini

Mali bila daftari, husema watu wa pwani, hupotea bila habari. Hunenwa kwa mfanyabiashara asiyeandika aliyokopesha. Lakini mwili wa mwanadamu nao ni mali, na askari huukopesha kwa dola akitaraji kwamba hesabu imeandikwa mahali.

Usiku wa tarehe 12 Julai, 1973, katika kitongoji cha jiji la St. Louis, Marekani, moto ulizuka katika ghorofa ya juu ya jengo lililohifadhi majalada ya watu waliowahi kuvaa sare za jeshi. Majalada baina ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea. Hapakuwa na nakala, wala faharasa ya yaliyokuwamo. Kwa askari wa nchi kavu walioachishwa kazi baina ya 1912 na 1960, takriban majalada manane katika kila kumi yaligeuka majivu. Vita viwili vikuu vya dunia, na vile vya Korea, vilikuwa ndani ya karatasi hizo.

Uzito wa hasara hiyo hueleweka mtu akijua namna dai la ulemavu linavyosimama. Lina mafiga matatu. La kwanza ni maradhi au kilema alichonacho askari leo. La pili, jambo lililomfika alipokuwa jeshini. La tatu, uhusiano baina ya mawili hayo, ambao aghalabu huelezwa na tabibu. Figa moja likikosekana, chungu hakikai. Yakitimia yote, ulemavu hupimwa kwa asilimia, kumi kumi, hadi 100, na malipo ya kila mwezi hufuata kipimo hicho.

Na awazwe mzee mmoja, umri wake umekwisha pita miaka tisini, aliyekuwa mpiga mizinga huko Korea. Masikio yake yanavuma tangu ujana. Jalada lake lilikuwa St. Louis. Anapeleka dai, anajibiwa kwamba hakuna karatasi inayoonyesha kuwa masikio yalidhurika vitani. Figa la pili limeungua.

Hapo ndipo rufaa huanza. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2017 na kuanza kutumika tarehe 19 Februari, 2019, mbele yake ipo milango mitatu, na akitaka tarehe ya dai lake la asili isimpotee, auchague mmoja kabla mwaka haujaisha. Kwa mlango wa kwanza, ofisa mwandamizi huzisoma upya karatasi zile zile, pasi na kuongezwa kitu. Kwa wa pili, mzee huleta ushahidi mpya unaohusiana na dai. Wa tatu humfikisha kwenye Bodi ya Rufaa za Askari wa Zamani, iliyoundwa mwaka 1933, ambako jaji huamua kwa karatasi zilizopo, au kwa ushahidi ulioongezwa, au baada ya kumsikiliza mzee mwenyewe. Bodi ikimkatalia, anazo siku 120 za kwenda mahakamani. Mahakama hiyo nayo ni changa: ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1988. Kabla ya hapo neno la Bodi lilikuwa la mwisho takriban katika kila shauri, na wakili wa askari hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 10.

Katika kila ngazi inayopima ushahidi, mizani ni ya namna yake. Katika kesi za kawaida za madai, mdai hushinda pale upande wake unapozidi, ijapokuwa kwa unyoya. Katika kesi ya askari, sheria yasema kwamba ushahidi wa kumkubali na wa kumkataa ukikaribia kulingana, ushindi ni wake. Mwaka 1990 mahakama ilieleza kanuni hii kwa mfano wa mchezo wa besiboli: mpira na mkimbiaji wakifika pamoja, mkimbiaji amesalimika.

Kwa Kiswahili, mtu akitiliwa shaka amekwisha pungukiwa; heshima yake imechomolewa uzi. Sheria hii yafanya kinyume. Shaka ikikaa katikati ya mizani, humwangukia askari kama zawadi, na dola, iliyomtuma vitani, ndiyo iibebayo hasara ya kutojua.

Hata hivyo, zawadi hiyo ina mpaka. Mwaka 2021 mahakama ya rufani ya juu zaidi ilitamka kwamba, ushahidi ukiwa na nguvu ya kumsadikisha mwamuzi kuelekea upande mmoja, hapana shaka ya kugawiwa. Na mwezi wa Machi 2025, katika kesi ya Bufkin, Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua, kwa majaji saba dhidi ya wawili, kwamba kulingana au kutolingana kwa mizani ni suala la ukweli wa mambo. Mahakama ya askari hulitengua pale tu kosa linapokuwa dhahiri. Maana yake ni nzito. Mkono ulioshika mizani mwanzo ndio wenye neno kubwa, na anayesubiri kusahihishwa huko juu huenda asisahihishwe.

Kwa hiyo lililo muhimu ni lile liwekwalo mizanini mapema. Mwaka 2006 mahakama ilisema kwamba ushahidi wa askari, mkewe au mwenziwe hauwezi kutupwa kwa sababu tu hapana karatasi ya hospitali ya siku zile. Na jalada likiwa limepotea mikononi mwa serikali, Bodi ina wajibu mkubwa zaidi wa kupima kwa makini na kuandika sababu zake. Moto peke yake haumpi mtu ushindi. Humpa haki ya kuelezwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mke wa mzee yule si tabibu. Hawezi kusema mzinga uliharibu mshipa gani. Aweza kuandika kwamba tangu mwaka alioolewa humsemesha mumewe kwa upande wa kulia, na kwamba usiku redio huachwa ikinong'ona ili kufunika uvumi. Tabibu akiyasoma hayo, aweza kuandika kwamba uwezekano wa chanzo kuwa vitani haupungui nusu. Nusu yatosha.

Na mzee akifariki kabla ya hukumu, mkewe ana mwaka mmoja wa kuomba asimame mahali pake. Ataingia mbele ya jaji na barua yake ile ile, akiwa amezoea, kwa miaka yote hiyo, kusimama kuliani.