Mjomba, Mawimbi na Hesabu Niliyoikosea

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wengine wenu mmeuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Nilizama baharini, si kwa mwili bali kwa hesabu, na nimeibuka na aibu kidogo. Hebu niwasimulie.

Mjomba wangu anaishi Msambweni. Alivua samaki miaka mingi hadi magoti yakamshinda, na mwaka jana akauza mashua pamoja na injini yake. Pesa zile alitaka kuzifanyia jambo moja tu: kutengeneza barafu. Wavuvi wa pale huleta samaki asubuhi, na wasipopata barafu, ikifika saa nane mchana mchuuzi ndiye anayepanga bei. Mashine ya barafu inataka stima, na stima ya pale huja na kwenda ipendavyo. Ndipo akatokea fundi mmoja kijana akamwambia anaweza kumtengenezea mtambo wa kuzalisha umeme kwa mawimbi. Chelezo cha mapipa ya plastiki, mkono wa chuma, pampu, jenereta. Bei yake shilingi 240,000.

Mjomba akanipigia simu. "Mwanangu, wewe ndiwe mtu wa tarakilishi. Nitazamie kama jambo hili lina kweli."

Nani anayeandika programu akakataa ombi kama hilo? Jioni ile ile nilifungua kipakatalishi, nikaandika programu fupi kwa Python. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Chukua urefu wa wimbi kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe tena kwa sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi, kisha ugawe kwa mbili. Unapata takriban kilowati zilizomo katika kila mita moja ya upana wa wimbi. Nikajaza mita 1.5 na sekunde 8 kwa kutazama ramani za mawimbi za setilaiti. Jibu likawa kilowati 9 kwa mita. Chelezo cha upana wa mita 4 kinakutana na kilowati 36. Hata kikinasa moja ya tano tu, una kilowati 7, na mashine ndogo ya barafu haihitaji hata nusu yake. Tena mchana na usiku, bila kungoja jua.

Nikampigia. "Mjomba, hesabu inakubali."

Kesho yake akalipa arbuni ya shilingi 60,000.

Swali nililopaswa kuanza nalo lilinijia baada ya pesa kutoka. Ikiwa ni rahisi hivi, mbona dunia nzima haijafanya? Nikakaa kusoma, na sikulala mapema kwa siku nne.

Kwanza, wazo lenyewe ni la kale. Huko Paris, mwaka 1799, baba na mwanawe wa ukoo wa Girard waliandikisha hataza ya mtambo wa kuvuna nguvu za mawimbi. Huko Japani Yoshio Masuda alitengeneza maboya ya kuongozea meli ambayo taa zake ziliwashwa na mawimbi yenyewe, na kuanzia 1965 yakauzwa. Kwa hiyo biashara ya umeme wa mawimbi ipo tangu zamani, mradi unataka kuwasha taa moja. Shida inaanza ukitaka kuwasha mji.

Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alibuni chombo kinachoinama na kuinuka majini, watu wakakiita bata wa Salter. Mwaka 1974 alikieleza katika jarida la Nature. Ndani ya tangi la majaribio bata yule alinasa karibu asilimia 90 ya nguvu ya wimbi. Serikali ya Uingereza ikatoa fedha za utafiti, kisha mwaka 1982 ikaufunga mpango ule. Bata wa ukubwa kamili hakuwahi kuelea baharini. Salter alifariki mwaka 2024, akiwa ameiona sekta yake ikianza na kuanza tena.

Lakini kisa kilichonishika ni cha mashine iitwayo Pelamis, kwa sababu hii haikukwama tangini. Ilifika baharini, ikaunganishwa na gridi, ikauza umeme.

Pelamis ni jina la nyoka wa baharini. (Nilipomtajia mjomba, alicheka. "Huyo namjua. Mweusi mgongoni, manjano tumboni." Kweli, yumo pia katika bahari yetu ya Hindi.) Kampuni ilianzishwa Uskoti mwaka 1998 na mhandisi Richard Yemm. Mashine ya kwanza ilikuwa na urefu wa mita 120, mabomba manne makubwa ya chuma yaliyounganishwa kwa maungio, ikielea huku kichwa kikitazama mawimbi. Wimbi likipita chini yake, maungio yanajikunja, na kila ungio likijikunja linasukuma pistoni za haidroliki. Mafuta yenye shinikizo kubwa yanazungusha mota, mota inazungusha jenereta. Mzunguko huo wote una sababu yake. Wimbi lina nguvu nyingi lakini ni polepole, linakuja mara moja kila sekunde 8 au 10, ilhali jenereta ya kawaida inataka kuzunguka mamia ya mara kwa dakika. Lazima pawe na kitu katikati cha kutafsiri. Na kitu hicho cha katikati ndicho kinachokula pesa, na ndicho kinachovunjika.

Agosti 2004, katika kituo cha majaribio cha visiwa vya Orkney, Pelamis ilipeleka umeme wake kwenye gridi ya Uingereza. Ilikuwa mashine ya kwanza ya mawimbi iliyo mbali na ufuo kufanya hivyo. Kisha ikaja Ureno. Tarehe 23 Septemba 2008, takriban kilomita 5 kutoka pwani ya Aguçadoura, mashine tatu zilizinduliwa, kila moja kilowati 750, jumla megawati 2.25. Gharama ilizidi yuro milioni 8. Mpango ulikuwa kuongeza mashine 25 nyingine zifike megawati 21. Waziri akahudhuria, picha zikapigwa, magazeti ya dunia yakaandika kuhusu shamba la kwanza la mawimbi la kibiashara.

Novemba ya mwaka ule ule zote tatu zilikuwa zimevutwa hadi bandarini.

Beringi za maungio zilikuwa zimelika upesi kuliko ilivyotarajiwa. Hilo peke yake halikuua mradi, kwani wahandisi walipata dawa yake. Ila wakati mashine zimelala gatini, kampuni ya uwekezaji ya Australia, Babcock & Brown, iliyokuwa na hisa nyingi mradini, ilianguka katika msukosuko wa fedha wa 2008. Hakukuwa na mtu wa kulipia safari ya kuzirudisha. Kampuni ya Pelamis ikaendelea Uskoti, ikatengeneza nyoka wa kizazi cha pili, mrefu wa mita 180, wawili kwa jumla. Novemba 2014 pesa zikaisha, ikaingia mikononi mwa wafilisi. Mwaka uliofuata Aquamarine Power, iliyokuwa ikijaribu mashine yake ya Oyster huko huko Orkney, ikafuata njia hiyo hiyo.

Nilisoma hayo nikiwa na ile kanuni mbele yangu kwenye skrini, na nikaanza kuiona kwa jicho jingine. Urefu unazidishwa kwa wenyewe! Mimi nilifurahia kwamba wimbi likipanda kidogo nguvu inapanda sana. Sikufikiria upande wa pili. Bahari ya mita 2 ikipanda kuwa ya mita 10, nguvu inakuwa mara 25, hata kabla hujahesabu kwamba mawimbi ya dhoruba huchukua sekunde nyingi zaidi. Mauzo yako yanatoka kwa yale mawimbi ya wastani ya kila siku, lakini chuma, nanga na minyororo unanunua kwa ajili ya usiku mmoja wa dhoruba. Sisi wa programu tunajua shida ya seva iliyopangiwa watu 100 wakaingia 2,500. Tofauti ni kwamba seva yetu tunaiwasha upya tukiwa tumekaa kitini. Ya baharini inahitaji meli ya kuivuta, na meli inangoja siku ya bahari tulivu, nayo siku hiyo mwenye mashine hazalishi chochote.

Halafu kuna suala la idadi. Pale Loiyangalani, mradi wa upepo wa Turkana una mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, si mbali na ukubwa wa Pelamis mmoja. Mitambo ile ilikuwa tayari mwaka 2017, ikakaa bila kazi hadi 2018 ikingoja nyaya za kusafirisha umeme, na bado mradi ukasimama. Mtambo wa upepo wenye mapanga matatu umekosewa na kurekebishwa mara maelfu duniani, ndiyo maana benki inaukopesha bila kutetemeka. Pelamis katika umri wake wote zilitengenezwa 6 za ukubwa kamili. Sita! Hakuna programu niliyowahi kuandika iliyokaa sawa katika jaribio la sita. Na wapinzani wake hawakuwa wakiboresha nyoka. Mmoja alikuwa na kibao kinachopigwa na mawimbi, mwingine boya, mwingine chumba cha hewa, kila mtu akianza moja kwa beringi zake mwenyewe.

Hapo nikaingiwa na wasiwasi kuhusu zile 60,000. Nikapanda treni hadi Mombasa, nikavuka feri pale Likoni, nikachukua matatu ya Msambweni. Mkononi nilikuwa na ufito niliouchora alama za sentimita. (Abiria mwenzangu aliuliza kama mimi ni mpimaji wa mashamba.)

Tulifika ufuoni maji yakiwa yametoka. Nilisimama nikatazama mahali ambapo fundi alipanga kuweka chelezo, na pale mahali palikuwa na mchanga, majani ya baharini na akina mama wakiokota pweza. Bahari yenyewe ilikuwa mbali kule, ikipiga mwambani, mstari mweupe. Maji yalipojaa, nikachomeka ufito wangu. Wimbi lililovuka mwamba lilikuwa kama nusu mita, na mengi hayakufika.

Takwimu zangu zilikuwa za bahari kuu, nje ya mwamba. Mtambo ungekaa ndani. Mita 1.5 ikishuka kuwa 0.5, nguvu inagawanywa kwa 9. Kilowati zangu 7 zikawa pungufu ya moja, tena kwa zile saa ambazo maji yapo. Mwamba ule unaolinda pwani yetu, unaofanya mjomba alale usingizi kusi ikivuma, ulikuwa umekula mawimbi yote kabla hayajafika kwenye pipa la fundi.

Nilimweleza pale pale, miguu ikiwa majini. Nilitarajia akasirike. Akauangalia mwamba, akasema kwa upole, "Mimi nilijua mawimbi yanafia pale. Nimepita mlango ule miaka thelathini. Lakini wewe ulisema tarakilishi imekubali, nikadhani labda kuna namna."

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Fundi alirudisha 35,000, akisema zilizobaki amekwisha nunulia vyuma. Sidhani alikuwa tapeli. Alikuwa ameona video kama nilivyoziona mimi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mvuvi. Ile 25,000 nimeilipa mimi. Mjomba amenunua paneli za jua na betri, na sasa mashine ndogo ya barafu inafanya kazi mchana; usiku betri zinatosha taa na friji tu.

Hata hivyo sijayakatia tamaa mawimbi. Kule Mutriku, katika nchi ya Wabaski huko Hispania, tangu 2011 kuna mtambo uliojengwa ndani ya ukuta wa bandari, kilowati 296. Maji yakipanda ndani ya vyumba vya ukuta yanasukuma hewa, yakishuka yanaivuta, na hewa inazungusha feni iliyobuniwa na Alan Wells, ambayo huzunguka upande ule ule hewa ikienda au ikirudi. Hakuna ungio majini, hakuna nanga, na ukuta ulikuwa ukijengwa kwa ajili ya bandari hata hivyo. Ni umeme kidogo, lakini fundi anaufikia kwa miguu.

Na Aguçadoura, bahari ile ile iliyowashinda nyoka watatu, kampuni ya Uswidi iitwayo CorPower iliweka boya la kilowati 300 mwaka 2023. Wazo lake lilitoka kwa daktari wa moyo, Stig Lundbäck. Bahari ikichafuka, boya linajilegeza makusudi ili wimbi lipite bila kulinasa, kama mitambo ya upepo inavyogeuza mapanga yake. Novemba ya mwaka huo lilikutana na mawimbi ya mita 18.5, likabaki.

Juzi nilimsimulia mjomba habari hizo kwa simu. Akauliza kama kweli lilitoka zima katika dhoruba ile. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo.

"Na beringi zake?"

Nikamwambia nitamtazamia.